Kayamba Chini ya Gari

Jamani, mimi na hiki kibebi woka changu, kigari kidogo cha mtumba, tumetoka mbali. Kina umri wa mtu anayetafuta mchumba, na sikutegemea kikae kimya kama kipya. Lakini hili la kayamba sikulitegemea.

Sikilizeni. Gari likisimama, kimya. Nikienda mwendo wa maharusi, kimya. Ngoja sasa nitoke Ubungo niupandishe mlima wa Kimara, nikanyage mafuta, mshale wa mizunguko ya injini ukaribie 2,500. Trrrrrrr! Utadhani kuna mtu kajibanza chini ya miguu yangu anapiga kayamba kwenye arusi ya binamu yake. Mshale ukivuka 3,000 ananyamaza, nadhani anakunywa maji. Nikiachia mafuta ukishuka tena, kaanza upya.

Na kila anayepanda ni fundi. Jirani yangu ninayempa lifti kila asubuhi kasema ni mafuta mabovu, injini inagonga. Huo ushauri ndio mchango pekee wa mafuta aliowahi kunipa. Mama mkwe alisikiliza hadi Mbezi, akaniuliza kwa upole kama nimesahau sufuria nyuma.

Nikaenda kwa fundi wa chini ya mwarobaini. Kufika tu, gari likawa na adabu za mkwe aliyeenda kujitambulisha. Halitoi hata kikohozi.

"Bosi, mbona mimi sisikii kitu?"

"Lilikuwa linalia sasa hivi, fundi!"

"Piga resi."

Nikapiga resi. Kimya. Nikapiga tena hadi kuku wakahama mtaa. Kimya! Baadaye sana ndipo nilipoelewa: gari likiwa limesimama, injini haina mzigo. Mlimani ndipo inapojikaza, inajisokota kwenye mauntini zake, zile raba zinazoishikilia, na kuivuta ekzosi. Lakini siku ile nilionekana mtu anayesikia sauti peke yake, na fundi akanihurumia kwa kunibadilishia stabilaiza linki zote mbili, vile vyuma vya kwenye miguu ya gari. Stabilaiza linki, ndugu zangu, hupiga kelele kwenye mashimo. Mimi kelele yangu ilikuwa kwenye lami nyororo. Elfu themanini ikaenda, kayamba likabaki, na nadhani lilipata hata sauti ya pili.

Nikateremka Gerezani. Huko nikakutana na fundi mwenye haraka. Hakufungua boneti, hakuuliza kelele inatoka saa ngapi. Kaingia uvunguni na tochi, katoka macho yanang'aa. "Bosi, masega hayo. Tuyatoe, gari litakuwa jepesi. Na nitakutafutia mtu wa kuyanunua." Nikajiuliza, daktari gani huyu anayekuja na mnunuzi wa figo? Ni kweli masega, yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, yakivunjika ndani hulia kama kokoto kwenye kopo. Lakini yana platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana yanapendwa hata yakiwa mazima. Nikawasha gari, nikaondoka na figo zangu.

Aliyeniokoa ni kijana mdogo wa gereji ya karibu na kwangu, yule wanayemtuma maji. Hakutaka nipige resi. Akasema, "Anko, twende wote mlimani, wewe endesha." Akapanda, akavua kandambili, akaweka nyayo zake sakafuni, akafumba macho kama sheikh anayesikiliza kisomo. Trrrrrrr! Akasogeza mguu kushoto. Akasogeza kulia. "Bati, anko. Hapa katikati."

Tukarudi, tukasubiri ekzosi ipoe, maana ekzosi ya moto haina udugu. Kwanza akayagonga masega kwa ngumi, yakanyamaza, mazima kabisa. Kisha akaligusa lile bati jembamba linalozuia joto la ekzosi lisitupike sakafuni. Kayamba lenyewe! Boliti moja ililiwa na kutu, bati likabaki linaning'inia. Akanieleza kwamba kila bati lina mtetemo wake: ni kama kioo cha daladala kinachocheza mwendo fulani tu, dereva akiongeza kinatulia. Akazungusha hosi klipu kubwa, ule mkanda wa chuma wa kubania mipira, akakaza kwa bisibisi. Elfu tano, na soda.

Nikarudi nyumbani gari linateleza kama limepakwa mafuta ya nazi. Raha yangu yote iliishia mlangoni.

Mimi siku zote nikifika huwakuta watoto mezani na madaftari, TV imezimwa, mama watoto anakoroga uji wa mgonjwa wa jirani. Nimewasifia kazini mpaka watu wamenichoka. TV kuwa ya moto mgongoni nilidhani ni joto la Dar.

Jana nimefungua mlango: katuni kwa sauti ya juu, mmoja yuko juu ya kochi na viatu, na katikati ya meza sinia la chipsi mayai. Jumanne! Mimi ambaye tangu Jumapili naambiwa mwezi umekaza, kuna dagaa tu!

Mama watoto akaniangalia, tonge la chipsi mkononi. "Baba Zuhura, mbona unaingia kimyakimya kama mwizi?"

Mwizi! Kwenye nyumba ninayolipia kodi!

Yule wa darasa la nne akatoka nje, akainama kuchungulia chini ya gari, akarudi amenyong'onyea. "Baba, kwani kayamba limekufa?" Nikamwambia limefungwa klipu. Akatikisa kichwa kiutu uzima, akakaa kidogo. "Hiyo klipu, inafunguliwa kwa bisibisi bapa au ya nyota?"

Nikamsifu kwa kupenda ufundi. Leo asubuhi bisibisi yangu siioni.