OSPF itajua yenyewe, eti

Jana nimetumiwa plani ya mtandao wa dayalapu (intaneti ya kupiga kwa laini ya simu) niipitie "haraka haraka tu", kufika mstari wa tatu nikafunga laptop nikatoka nje kupunga upepo. Imeandikwa hivi: pool (fungu la anwani za IP) moja ya /22, yaani anwani 1024, kwa seva zote nane za kupokea simu, RADIUS (seva ya kuthibitisha wateja na kuwagawia anwani) itampa anwani yeyote anayepiga, popote atakapoangukia, na njia je? "OSPF itajua yenyewe." Yenyewe! (OSPF ni itifaki ya ruta kuambiana njia za kufikia anwani.)

Haya tukae chini. Mteja akishaunganishwa, seva inamtengenezea njia yake ya /32, yaani ya anwani moja tu, yeye peke yake. Sasa kama pool ni ya wote, ruta nyingine itajuaje huyu mtu yuko seva ipi? Haijui, kwa hiyo hiyo /32 lazima itangazwe mtandao mzima. Kaingia, ruta zote zinaambiwa. Simu imekatika (na dayalapu inakatika jamani, mtu akinyanyua mkonga chumba cha pili habari kwisha), ruta zote zinaambiwa tena, kapiga tena kaangukia seva nyingine, tangazo jipya, na hapo ni mtu mmoja tu, seva nane zenye laini 120 kila moja ni watu 960 wanaingia na kutoka usiku kucha, halafu unakuja kuniuliza kwa nini ruta inahema. Na ukisema basi tuweke RIP, itifaki kongwe ya kazi hiyo hiyo, ndio umeharibu kabisa, toleo la pili linabeba njia 25 kwa pakiti, kwa hiyo njia 960 ni pakiti 39 kila sekunde 30 hata kama hakuna kilichobadilika. Toleo la kwanza hata maski (ukubwa wa bloku ya anwani) halibebi, tusilizungumzie.

Eti lengo lilikuwa kubana anwani. Kubana nini? Watu mnahesabu wateja, hesabuni laini! E1 (kiungo cha simu cha kidijitali) moja ni chaneli 30, seva ya E1 nne ni watu 120 basi, uwe na wateja elfu tano, wa 121 atasikia tuuu tuuu atapiga baadaye. Na /25 ina anwani 128, yaani utadhani alipimwa na fundi. Tena usiniletee habari za kutoa anwani ya mwanzo na ya mwisho, hii ni PPP (itifaki ya kiungo cha ncha mbili tu), kila mteja ana kiungo chake, hakuna broadkasti ya kugawana. (Zinazoishia .0 na .255 mimi huwa siwapi wateja, sio kwamba ni kosa, ila kuna mashine huko nje hazijapata taarifa kwamba klasi A, B na C zilipitwa na CIDR, ugawaji wa bloku za ukubwa wowote, tangu 1993.)

Kwa hiyo kila seva ipewe /25 yake, itangaze mstari mmoja, zile /32 zibaki humo humo ndani zikipanda na kushuka zitakavyo. Ruta kuu inaona mistari minane usiku na mchana, imetulia. /25 nane ni hiyo hiyo /22, huko nje unatangaza moja.

Sawa, kuna wateja wanaolipia anwani isiyobadilika, hao wakipiga seva yoyote lazima /32 yao itembee. Nakubali, kwa shingo upande. Watengee kijisehemu chao nje ya pool, hawatakuwa wengi, na bei iwe ya kuwafanya wafikirie mara mbili.

Na mtego upo, nimeshanasa mwenyewe. Usiku mmoja kiungo cha kwenda kwenye seva kimejaa pomoni na waliounganishwa hawafiki kumi. Nikapiga tresiruti (inaonyesha ruta moja moja pakiti inazopitia) kwenye anwani ambayo haijagawiwa, ikanirudishia ruta mbili zile zile, hii, ile, hii, ile, mpaka hopu ya 30. Ruta kuu inasema /25 hiyo iko kwa seva, seva haina mtu mwenye hiyo anwani kwa hiyo inafuata ruti ya difoti, ambayo ni kurudi kwa ruta kuu, wanarushiana kama mpira mpaka TTL (idadi ya hopu pakiti inazoruhusiwa) iishe. Mtu huko nje alikuwa anaskani bloku yetu nzima, na pakiti moja ya TTL 128 inavuka kile kiungo chembamba mara mia na kitu. Dawa ni mstari mmoja kwenye seva, /25 nzima ielekezwe shimoni: mteja aliyepo ana /32 yake inashinda kwa kuwa ni mahususi zaidi, asiyepo pakiti inafia hapo hapo. Mstari mmoja! Ulinigharimu usiku mzima kuuona.

Nimemwandikia mwenye plani yote haya. Kajibu: "lakini kila seva tunapoteza anwani nane." Nane. Moja iwe lupubeki ya seva (anwani yake yenyewe), nne ni /30 ya kiungo chake na ruta kuu, zimebaki tatu, na moja kati ya hizo ni ile ya .0 au ya .255.