Humu Mbona Hakunyeshi?

Ndiyo kwanza nafika, viatu vinalia kwachakwacha. Ukitaka kuniuliza filamu imefikia wapi, niache kwanza nivue soksi.

Sini ya leo, yaani onyesho la kupiga, ilikuwa ya jua kali. Nimeiandika mwenyewe, nikiwa nimekaa ndani, mjinga mimi. Nusu tuliipiga jana, vivuli vimelala chini kama mikeka. Leo, wingu. Mtu aanze sentensi juani aimalizie gizani? Tukangoja. Wingu likasogea, mpiga picha akapima mwanga, nikafungua mdomo niseme "Haya!", likarudi. Lilikuwa linanivizia mimi.

Mvua ilipoanza, mimi mwongozaji, mtayarishaji, dereva na mbeba ngazi niliitisha kikao chini ya mwavuli. Mwavuli wenyewe wa kamera, sisi tulichungulia tu. Tukakata shauri: sini iwe ya mvua, wagombane wamelowa, ndiyo sanaa. Fundi sauti akasema bati linameza maneno yote. Tukamwambia tutayarekodi upya baadaye. Alivyonitazama!

Mzee mmoja mstaarabu akatupa baraza lake. Bure. Ningejua! Teki ya kwanza, yaani kupiga mara ya kwanza, amekaa kule nyuma na shati la bluu, anapendeza, nikamwacha aonekane. Ya pili, kavaa koti.

"Mzee wangu, koti tena?"

"Baridi, mwanangu."

Tukambembeleza, akavua. Ya tatu, shati lipo, kiti hakipo. Kakiingiza ndani kisilowe. Ya nne, kafagia madimbwi yote niliyokuwa nayategea kamera. "Niliona vijana wanateleza." Sasa mtu kama huyo unamfokea vipi? Nikamwita atazame kwenye kioo cha kamera, aelewe kwamba kila kitu kinatakiwa kibaki kama kilivyokuwa. Akavaa miwani. Akatazama kioo, akatazama nje, akarudi kwenye kioo.

"Mwanangu, humu mbona hakunyeshi?"

Nikacheka kwa adabu. Nikaangalia. Hakunyeshi! Watu tumelowa mpaka mifukoni, mwigizaji anatetemeka hadi silabi zinajirudia, kwenye picha kuna ukungu tu wa kijivu! Mvua isipomulikwa kutoka nyuma kamera haiioni, na hilo nalijua, nimeshawahi kuwafundisha watu, tena kwa sauti nzito. Taa tunayo moja, ya kuchomeka ukutani. Nani ataishika mvuani? Si mimi.

"Si muwashe za gari, kule nyuma?" Mzee huyo.

Tukawasha. Matone yakang'aa kama shanga. Nikapaza sauti: "Haya!"

Mvua ikakatika.

Jua likatoka, lilelile la jana, ila kwenye picha za jana nguo zilikuwa kavu. Wakati huo fundi sauti anadai nusu dakika ya kimya arekodi sauti ya mahali, na vyura ndiyo kwanza wanaamka. Halafu soksi ya pili siioni. Kama niliiacha barazani, mzee keshaianika, tena mbele ya kamera.