WCF kwa mwenye karakana ndogo: elfu sita siyo tatizo, tatizo lipo kwingine

Juzi hapa Keko mafundi wenzangu walikuwa wanabishana kuhusu WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mmoja akasema hiyo ni tozo nyingine tu ya kumkamua mwenye kiofisi kidogo. Namuelewa kabisa. Umeshalipa leseni, pango, TRA, hela ya taka, luku nayo haikai, alafu unaambiwa kuna mchango mwingine.

Ila tupige hesabu. Tangu Julai 2022 sekta binafsi inachangia asilimia 0.5 ya mshahara, na anatoa mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Vijana wanne wa laki tatu tatu ni milioni moja na laki mbili, nusu asilimia yake elfu sita kwa mwezi. Gundi na misasa tu inazidi hapo.

Kabla sijajiandikisha kijana wangu mmoja aliingiza mkono kwenye mashine ya randa, vidole viwili vikaenda. Nakumbuka maranda ya mninga yalivyolowa damu, nikamfunga na fulana yangu tukapanda bajaji. Hospitali nililipa mimi, nikauza jenereta, na bado baada ya wiki tatu mama yake akaja akakaa pale kwenye benchi hasemi kitu, anasubiri nimwambie mwanae atakula nini na mkono umefungwa. Sikuwa na jibu. Mfuko ungemtibu, na wakati hawezi kazi angepata asilimia 70 ya mshahara, yaani laki mbili na kumi kwa mwezi, bila kwanza kuthibitisha kwamba mimi ndo nilizembea.

Sasa wanaokataa nao wana hoja nzito, tena haipo kwenye hiyo elfu sita. Ukijisajili ina maana una wafanyakazi wanaojulikana, na wakishajulikana NSSF nayo, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, inakuhusu, kule ni asilimia 20 na si chini ya nusu yake inakutoka wewe. Hapo ndo karakana nyingi zinapokwama, mtu anaogopa mlango mdogo kwasababu anajua unafungukia wapi. Na bado kuna hawa deiwaka, leo anakupigia msasa kesho yupo Chang'ombe, unamuandika vipi? Ajali ikitokea una siku 7 za kutoa taarifa, na wewe karani huna.

Kuna wanaojisajili alafu wanaandika mshahara nusu ili wapunguze. Hili silikubali kabisa, kwasababu fidia inapigwa kwenye mshahara uliouandika, kwahiyo unaokoa buku tatu kwa mwezi na kijana akikatika anapewa nusu ya haki yake.

Mimi nipo upande wa kulipa, na kuandika mshahara halisi. Ila serikali nayo ingetutenganishia haya mambo, karakana ya watu wanne iruhusiwe kuanza na hii ya ajali, NSSF ifuate taratibu biashara ikikaa sawa. Na kuna jambo halisemwi kabisa: mfuko ni wa wafanyakazi, na mimi mwenye karakana nasimama kwenye mashine ileile, kuanzia saa mbili asubuhi, na vidole vyangu kumi havimo kwenye orodha ya mtu yeyote.