Mwizi wa Saa Nane za Usiku

Tii. Tii. Tii.

Inveta yangu, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri za sola uwe wa kutumika nyumbani, ikilia hailii kwa aibu. Hulia kama imefiwa, kisha inanyamaza ghafla, friji inatetemeka mara moja na kutulia, na nyumba nzima inamezwa na giza. Saa nane usiku, kila usiku, haikosei hata kwa dakika kumi. Usiku wa kwanza nilisema bahati mbaya. Usiku wa pili nikamlaumu fundi. Kufikia usiku wa tano nilikuwa nimeshamtia hatiani kila mtu ndani ya nyumba, isipokuwa mimi.

Kosa lilianza siku ile sola ilipowashwa. Niliikusanya familia mbele ya swichi kuu ya umeme wa gridi, nikatoa hotuba fupi (dakika ishirini), nikaizima kwa mbwembwe na kutangaza kwamba swichi hiyo haitaguswa tena. Mke wangu akauliza swali moja tu: "Na betri zikiisha?" Nikacheka kile kicheko cha mtu aliyesoma kijitabu cha maelekezo mara moja na kuruka kurasa za katikati.

Juu ya paa kulikuwa na paneli 4 za wati 400 kila moja. Chini, inveta ya wati 3,000 na betri 2 za asidi, za volti 12 na ampia-saa 200. Fundi alinifundisha hesabu yake: 12 mara 200 ni wati-saa 2,400 (wati moja ikitumika saa moja ni wati-saa moja), na betri ni mbili, basi 4,800. Nilivimba kichwa palepale. "Ila bosi," akasema, "usizihesabu zote. Betri za asidi ukizinyonya kupita nusu kila siku, unazifupishia maisha. Nimeipanga inveta ikate zikifika nusu." Kwa hiyo 2,400 za kutumia usiku. Nikachukua daftari.

Daftari hilo, ndugu zangu, ndilo lililonipa wazimu. Balbu zote za wati 60 nilishazing'oa na kuweka za LED za wati 9, kwa hiyo taa sita kwa saa tano ni wati-saa 270. Televisheni ya wati 80 kwa saa nne, 320. Friji hupumzika na kuamka, lakini kwa wastani niliipa wati 60. Ruta ya intaneti 10. Inveta yenyewe hula kama wati 30 kwa kuwepo tu, kama mgeni asiyefanya kazi lakini anakula. Hizi tatu za mwisho hazilali, kwa hiyo kila moja nikaizidisha mara saa kumi na mbili. Jumla, tangu saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi: 1,790. Zinabaki 610 za akiba! Nilipiga mistari miwili chini ya namba hiyo.

Wiki ileile tukapata ajali ya kwanza. Asubuhi moja mke wangu ananyoosha shati langu kwa pasi ya wati 1,200, mimi kwa haraka zangu nikachomeka birika la umeme la wati 2,000. Sihitaji kuwajumlishia. Inveta ikapiga yowe na kuzima, nami nikatoka jikoni nikifoka, "Nani anatumia pasi bila kuniarifu?" Mke wangu akanionyesha shati. Nikalivaa likiwa na upande mmoja ulionyooka na mmoja wa mikunjo, nikaenda nalo kazini.

Kisha zikaanza zile saa nane.

Nilishuku paneli kwanza. Jua la mchana likiwa kali kabisa, nikapanda paani na ndoo ya maji na kitambaa. Bati lilikuwa la moto kiasi kwamba nilikuwa nabadilisha mguu kama kuku. Nikampigia fundi simu nikiwa hukohuko juu. "Shuka, bosi," akasema. "Kioo chenye moto hakimwagiwi maji baridi. Paneli zinaoshwa alfajiri. Na kwani betri zinajaa saa ngapi?" Nikamwambia saa tisa alasiri zinakuwa zimeshajaa. Akanyamaza kidogo. "Sasa paneli zimekukosea nini?"

Basi mwizi yuko ndani. Nikanunua mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, ile ambayo ukichomeka kifaa juu yake inakuonyesha kinakula wati ngapi. Nilitembea nayo mfukoni kama daktari na kipimo chake. Nikaivamia friji: nikabana karatasi mlangoni, nikaivuta, ikatoka bila ubishi. Ule mpira umelegea! Baridi inavuja! Nikausafisha, nikaupasha moto kwa maji mpaka ukalainika na kurudi mahali pake, nikaisogeza friji mbali kidogo na ukuta ili ipumue. Nikabandika na tangazo: FRIJI SI TELEVISHENI. USISIMAME KUITAZAMA. Binti yangu alipoifungua kutafuta maji, nilihesabu sekunde kwa sauti nyuma yake. Nilipofika sita, akaifunga bila kuchukua maji.

Usiku huo, saa nane: tii, tii, tii.

Nikapitisha sheria kali zaidi. Chaja zote zichomolewe hata kama hazina simu. Televisheni mwisho saa tatu. Kitinda mimba wangu ana kitaa cha kulalia chenye umbo la bata. Nikakipima, kikasoma wati 1. Moja! Bado nikakichukua, nikamweleza kuhusu nidhamu ya taifa. Usiku akaamka kwenda chooni gizani, nami nilikuwa kwenye korido hiyohiyo nikinyatia soketi kutafuta mwizi. Tulikutana katikati. Yeye alipiga kelele, mimi nikapiga zaidi, na mita ikaniponyoka na kumwangukia kidole cha mguu. Bata alirudishwa usiku uleule kwa amri ya mama yake.

"Washa tu swichi ya gridi tulale," mke wangu akasema.

"Kamwe."

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Kwenye stoo, juu ya meza ndogo, nilikuwa nimefufua kompyuta yetu ya zamani, ile yenye sanduku kubwa linalovuma kama nyuki, nikaiunganisha na inveta kwa waya. Kazi yake ilikuwa moja: kuchora grafu. Mstari wa betri ukipanda mchana, ukishuka usiku, rangi ya kijani, rangi nyekundu, na ujumbe unaonijia kwenye simu kila saa. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu kazini kama mtu anavyoonyesha picha za mtoto mchanga. Na kwenye grafu hiyo, hata kila kitu kikilala, kulikuwa na matumizi fulani yaliyonyooka kama rula, hayapandi wala hayashuki. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya mtaalamu: "Hayo ni mapigo ya moyo wa nyumba."

Jumamosi akanyoosha mkono. "Nipe hiyo mita."

Nikampa huku natabasamu. Akazunguka nyumba nzima bila kusema neno, daftari langu kwapani. Chumba kwa chumba. Namba zake zikalingana na zangu, nami nikawa natikisa kichwa kwa huruma. Akafika mlango wa stoo, akasimama, akausikiliza ule mvumo.

"Na hii?"

"Hiyo haihesabiwi. Hiyo ndiyo inayohesabu."

Akaichomoa. Moyo wangu ukachomoka nayo. Grafu ya wiki mbili! Akaichomeka juu ya mita, akaiwasha, tukasubiri. Namba zikapanda, zikayumba, zikatulia. Akanigeuzia kioo cha mita nisome mwenyewe, kwa sauti.

"Mia moja na thelathini," nikasema. Koo lilikuwa limekauka.

"Tangu saa kumi na mbili jioni mpaka saa nane usiku ni saa ngapi?"

"Nane."

"Mara mia moja na thelathini?"

Binti yangu alijibu kutoka sebuleni, bila hata kuulizwa: "Elfu moja na arobaini!"

Mke wangu aliandika namba hiyo chini ya zangu, akajumlisha matumizi ya saa nane hizo: friji, taa, televisheni, ruta, inveta, na karani wangu. Wati-saa 2,430. Betri zilikuwa na 2,400. Hesabu ilitua juu ya saa nane usiku kama inzi juu ya kidonda. Nilijaribu kutetea kwamba bila kompyuta tusingejua betri zinaisha saa ngapi. Hakunijibu. Aliifunika kwa shuka la zamani, kama maiti, akafunga mlango.

Usiku huo nikaamka mwenyewe saa nane kamili, kwa mazoea. Nikasimama jikoni gizani nikisubiri. Dakika tano. Kumi. Hakuna tii. Friji inanguruma polepole, imeshiba. Nikatamani sana kuona grafu, lakini grafu ilikuwa chini ya shuka, kwa hiyo nikafungua friji, walau nione kile kitaa chake kinawaka, nikakitazama kwa mapenzi kabisa.

Sauti ndogo ikatoka kwenye korido, nyuma ya bata wa njano.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne..."