Kocha wa Zanzibar Heroes: ateuliwe lini, na mwajiri wake ni nani hasa?

Kila Kombe la Mapinduzi au Chalenji, kombe la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, inapokaribia, barza za Unguja na Pemba huamka na swali moja: safari hii Heroes, timu yetu ya taifa ya Zanzibar, anapewa nani? Mmoja atasema aletwe mgeni mwenye jina, mwengine atamjibu kuwa aliyetufikisha fainali ya 2017 hakutoka Ulaya. Mabishano matamu, lakini yanapita kando ya mambo mawili yenye uzito zaidi: kocha anateuliwa lini, na akishateuliwa anamtumikia nani.

Kwanza hali ilivyo. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipokea kuwa mwanachama wake wa 55 tarehe 16 Machi 2017 mjini Addis Ababa, na Julai ya mwaka huo huo ikaivua uanachama kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Kwa kocha, maana yake ni kwamba hana mechi za kufuzu AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika), hana za Kombe la Dunia, hana CHAN (michuano ya wachezaji wa ligi za ndani). Huko Mzanzibari huvaa jezi ya Taifa Stars, timu ya Tanzania nzima, chini ya kocha aliyechaguliwa na TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Heroes inabakiwa na Chalenji ya CECAFA, Mapinduzi inapochezwa na timu za taifa kama ilivyokuwa Gombani, Pemba, Januari 2025, na mechi za kirafiki za hapa na pale.

Fedha nazo zinafuata njia hiyo hiyo. Katika mzunguko wa 2023 hadi 2026, mwanachama wa FIFA anaweza kupata hadi dola milioni 8: milioni 5 za uendeshaji na milioni 3 za miradi. Anayehesabiwa mwanachama ni TFF. Kinachofika kwa ZFF, shirikisho la Zanzibar, kinafika kwa maelewano ya ndani, na maelewano si kitu cha kuwekea mshahara wa kocha wa miaka miwili.

Kwa hiyo wanaopinga kocha wa kudumu wana hoja nzito, na si haki kuwaita wavivu. Wanauliza: atafanya kazi gani? Chalenji ya wakubwa haikuchezwa 2014, haikuchezwa 2016, haikuchezwa 2018. Ya 2021 kule Ethiopia wakacheza vijana wa chini ya miaka 23. Ukimlipa mtu miezi kumi na miwili ili asimame kwenye mstari siku kumi na nne, na mwaka mwengine asisimame kabisa, utamweleza nini mkulima wa karafuu wa Wete ambaye kodi yake imo humo? Afadhali, wanasema, fedha hizo ziende kwa vijana, ambako Zanzibar ilitwaa ubingwa wa CECAFA wa chini ya miaka 15 mwaka 2023.

Wana ushahidi pia. Mwaka 2017 Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco, aliichukua Heroes kwa kambi ya kawaida ya Chalenji. Wakaifunga Rwanda 3-1, wakaifunga Tanzania Bara 2-1, wakaitoa Uganda 2-1 katika nusu fainali. Machakos, tarehe 17 Desemba, walisawazisha mara mbili dhidi ya wenyeji Kenya, wakamaliza 2-2 na kupoteza kwa penalti 3-2. Timu ya mfumo huu huu wa kukusanyana ndiyo iliyobeba Chalenji ya 1995 kule Uganda, na ndiyo iliyoifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali ya Mapinduzi Januari 2025. Anayesema mfumo wa kuteua kwa mashindano haujawahi kuzaa kitu hajaangalia rekodi.

Lakini rekodi hiyo ina siku nyingi za ukimya katikati, na ukitaka kujua kwa nini, fuata siku thelathini za mwisho kabla ya mashindano.

Siku ya kwanza kocha anatajwa. Mara nyingi ni kocha wa klabu ya ligi, na klabu nyingi kubwa hapa ni za vikosi vya serikali: KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto, Mafunzo. Maana yake huyu ni mtumishi, na hatoki kazini bila barua kwa mkuu wa kikosi chake. Barua hiyo ikichelewa wiki moja, kambi imekwisha kupungua wiki moja. Msaidizi wake naye anatoka kikosi chengine: barua ya pili. Kipa namba moja, barua ya tatu.

Kisha orodha. Kocha ambaye jana alikuwa na klabu yake tu amewaona wachezaji wa klabu yake kila siku, na wapinzani wake mara mbili kwa msimu. Wazanzibari wanaocheza klabu za Bara, akina Feisal Salum na Ibrahim Bacca, anawajua kama tunavyowajua sote, kwa televisheni. Wa Pemba wanaocheza madaraja ya chini hawajui kabisa, kwa sababu hakuna aliyemlipia boti hadi Mkoani, gari hadi Chake na kitanda cha siku nne. Hapo ndipo mitaani huanza maneno kwamba ameita watu wake. Huenda hana nia mbaya hata chembe. Ameita aliowaona. Ila kanuni inayomruhusu kocha wa klabu ya ligi kuteua timu ya taifa huku mwezi ujao atacheza na klabu za wachezaji aliowaacha inamweka pabaya, na inawapa wanaomshuku sababu ya bure.

Halafu wa Bara. Kanuni ya FIFA ya kuachia wachezaji inazilazimisha klabu kwa timu za vyama wanachama, katika tarehe zilizotengwa. Heroes haimo, na Chalenji mara nyingi huangukia nje ya tarehe hizo. Klabu ya Dar es Salaam yenye mechi ya CAF wiki ijayo inaweza kukataa, na haina kosa. Kumpata mchezaji kunahitaji mazungumzo ya miezi, simu kwa simu, kocha kwa kocha. Aliyeteuliwa wiki tatu kabla hana muda wa kuzungumza na mtu, anabaki kuomba.

Na gharama haipungui kwa kuchelewa. Wachezaji 23 na benchi la ufundi la watu saba (kocha mkuu, msaidizi, wa makipa, daktari, mtaalamu wa viungo, mtunza vifaa na meneja) ni watu 30. Kambi ya siku 21 ni siku 630 za kulisha na kulaza. Katika hizo, wiki ya kwanza ya kambi ya haraka hupotea kwa kupima afya, kusubiri wanaochelewa, na kumrudisha katika hali mchezaji ambaye ligi yake ilisimama, huku aliyetoka mechi tatu kwa wiki akihitaji kupumzishwa. Kocha aliyewafuatilia anajua kabla yupi ni yupi. Asiyewafuatilia anawakimbiza wote pamoja, na siku ya tano misuli ya paja inaanza kukatika.

Kuhusu mgeni au mzawa, tusipoteze wino mwingi. Taifa Stars imeshatufanyia majaribio yote. Mholanzi Mart Nooij alifungwa 3-0 na Uganda hapa hapa Amaan Juni 2015 katika kufuzu CHAN, na mara baada ya mchezo huo kibarua kikaota nyasi. Akapewa mzawa, Charles Boniface Mkwasa, akatoa sare ya 1-1 Kampala, watu wakashangilia. Novemba mwaka huo huo akafungwa 7-0 na Algeria. Emmanuel Amunike wa Nigeria aliipeleka Stars AFCON 2019, ya kwanza tangu 1980, akapoteza mechi zote tatu na kuondoka Julai. Morocco wetu alipewa timu kwa muda Januari 2024 baada ya Adel Amrouche kufungiwa na CAF, akafuzu AFCON 2025 kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Guinea, kisha Novemba 2025 akaachana na TFF na timu akapewa Miguel Gamondi kwa muda. Kocha anayeitwa Morocco hakwenda Morocco, ilikochezwa AFCON hiyo. Ukitafuta katika orodha hiyo kanuni ya pasipoti hutaiona. Utakachoona ni viongozi wanaoajiri wakiwa na haraka na kufukuza wakiwa na hasira, bila kipimo kilichoandikwa mapema.

Cheti, kinyume na pasipoti, ni jambo la kweli. Simba iliingia michuano ya CAF 2021 na Didier Gomes ambaye vyeti vyake havikukidhi matakwa ya CAF, ikabidi Thierry Hitimana asimame kama kocha mkuu. Kama klabu yenye ofisi nzima ya utawala ilinaswa, shirikisho linaloteua kwa simu ya usiku litanusurika vipi?

Sasa uongozi, ambako ndiko mzizi uliko. Mkutano mkuu wa ZFF unachagua rais na kamati tendaji. Wapiga kura ni wajumbe wa klabu na wilaya. Kamati tendaji inateua kocha. Na kocha anatoka kwenye klabu zile zile zilizopiga kura. Mduara huu haumhitaji mtu mbaya ili uharibike. Unahitaji tu watu wa kawaida wanaokumbuka nani aliwaunga mkono. Ndiyo maana kamati ya ufundi ikiwa ya watu waliowekwa na rais, jina linalotoka kwake linakuwa limeshapita kabla ya kikao.

Dawa inayotajwa sana ni kwamba serikali isiingilie mpira. Kenya na Zimbabwe zilifungiwa na FIFA Februari 2022 kwa sababu hiyo, na wanaoonya wana haki ya kuonya. Kwetu sentensi hiyo ni nyepesi mno. Serikali ndiyo mwenye viwanja vya Amaan na Gombani. Ndiyo mwajiri wa kocha, kupitia kikosi. Ndiyo, kwa kiasi kikubwa, mfuko wa safari. Kuiambia isiingilie ni kumwambia mwenye nyumba asipite sebuleni. Upande wa pili unasema basi iachwe iteue kabisa, maana mlipaji ndiye mwenye neno. Hapo nasimama kukataa. Kocha aliyeteuliwa na mlipaji hawezi kumwacha benchi mchezaji anayependwa na mlipaji, na akifungwa hakuna katiba ya shirikisho inayomlinda wala inayomwajibisha. Kinachofaa ni kuandika mpaka: serikali itoe ruhusa ya kazini, uwanja na kiwango cha fedha kinachojulikana kabla ya msimu, isitoe jina.

Pemba nayo ina hoja yake. ZFA ya zamani, iliyotangulia ZFF, ilikuwa na makamu wa rais wa Unguja na wa Pemba, na ligi yenyewe kwa misimu kadhaa ilichezwa kwa kanda mbili kisha nane bora. Wengine waliona mgawo huo kama kugawana vyeo. Ulikuwa hivyo, kwa sehemu. Lakini ulihakikisha yupo mtu mwenye wadhifa anayeangalia mechi za Gombani. Ukiuondoa mgawo bila kuweka mtu wa ufundi kule, umeondoa macho.

Na uzembe wa ofisini huliwa na watoto. Mwaka 2018 timu yetu ya chini ya miaka 17 iliondolewa mashindano ya CECAFA Burundi kwa wachezaji waliozidi umri. Hakuna kocha, mgeni wala mzawa, anayetibu faili la usajili lisilokaguliwa.

Kati ya kocha wa kudumu na kocha wa wiki tatu, mimi naona njia inayolingana na mfuko wetu ni hii: mkurugenzi wa ufundi mmoja wa kudumu, anayelipwa kila mwezi, na kocha mkuu wa mkataba wa miaka miwili anayelipwa posho ndogo ya mwezi na kiwango kamili siku za kambi, kwa sharti kwamba hafundishi klabu ya ligi kuu ya hapa. Sharti hilo litatupunguzia waombaji, na pengine litamkosesha kazi kocha bora wa msimu. Ni bei ya kulipa. Hatari ya pili ni mkurugenzi kuwa mfalme wa ofisi isiyo na mechi. Kwa hiyo apewe kazi inayohesabika: mechi ngapi aone kila mwezi Unguja na ngapi Pemba, na faili la kila mchezaji lenye tarehe ya kuzaliwa, majeraha, dakika alizocheza na namba ya simu ya meneja wa klabu yake. Faili liwe mali ya shirikisho. Kocha akiondoka nalo kwenye kompyuta yake, anayekuja anaanza na karatasi tupu.

Uteuzi wenyewe hauna uchawi. Nafasi itangazwe siku 21, sifa na leseni zikitajwa. Kamati ya ufundi ichuje hadi watatu, wapewe maswali yale yale, waoneshwe dakika 30 za mechi ya Heroes waeleze wangebadilisha nini, kila mjumbe ajaze alama peke yake kabla ya kuzungumza. Mjumbe ambaye klabu yake ina mwombaji atoke chumbani. Kamati tendaji ikikataa aliyeongoza, iandike sababu. Mkataba uanze Julai, ili barua ya kwanza kwa wakuu wa vikosi itoke Agosti, na simu ya kwanza kwa klabu za Bara ipigwe kabla ratiba zao hazijafungwa.