Royal Crescent ya Bath: uso mmoja, migongo thelathini

Ukitoka The Circus, mduara wa nyumba zilizoshikana, kufuata Brock Street, mjini Bath kusini-magharibi mwa Uingereza, huioni Royal Crescent mpaka uwe umeshaifikia. Unapinda kona na mji unafunguka ghafla: nyumba 30 zilizoshikana ukuta kwa ukuta, zimejipinda kama mwezi mwandamo kwa takriban mita 150, zote za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, na mbele yake uwanda wa majani unaoteremka kuelekea bustani. Ghorofa ya chini haina mapambo. Kuanzia ghorofa ya kwanza zinapanda nguzo 114 za mtindo wa Ionia, vichwa vyake vimejiviringa kama pembe za kondoo dume, hadi karibu na paa. Mtu asiyejua atadhani ni kasri la mfalme mmoja.

Sasa zunguka nyuma. Paa la huyu liko juu, la jirani yake liko chini. Madirisha hayalingani, kuta nyingine zimetokeza na nyingine zimerudi ndani, na mabomba ya maji yanateremka popote yalipopata nafasi. Mimi nilikaa zaidi upande huu kuliko ule wa mbele, maana hapa ndipo ugomvi wote kuhusu jengo hili ulipo.

Maelezo yake ni mepesi. John Wood mwana, ambaye baba yake mwenye jina hilohilo ndiye aliyeuchora The Circus, alianza ujenzi mwaka 1767, katika ile enzi ya wafalme waliofuatana kwa jina la George. Hakuchora nyumba 30. Alichora uso. Mnunuzi alichukua urefu wake wa uso, kisha akatafuta mjenzi wake mwenyewe wa kumjengea nyuma yake nyumba aitakayo: vyumba vingapi, ngazi wapi, kina gani. Sharti lilikuwa mbele tu.

Wanaoukosoa mtindo huu wana hoja nzito. Uzuri wa mkakasi, wanasema, ndani kipande cha mti. Nguzo zile zinajitangaza kuwa hekalu la kale, kumbe nyuma yake ni nyumba za kupangisha. Bath ilikuwa mji wa chemchemi za maji moto, wenye fedha walikuja kwa msimu, wakapanga, wakaonana, wakaondoka. Walihitaji anwani ya fahari kwa miezi michache, na Wood akawauzia fahari kwa kipande. Na fedha zenyewe hazikuwa safi siku zote. William Beckford, aliyerithi mashamba ya miwa ya Jamaika yaliyolimwa na watumwa, alikuja kuishi Lansdown Crescent, hilali nyingine ya mji huohuo iliyojengwa baadaye kwa kuiga hii.

Kuna na la karibu zaidi. Miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, Bath ilibomoa mitaa mizima ya nyumba ndogo za enzi hiyohiyo ya akina George. Hazikuwa na nguzo. Zilikuwa nyumba za mafundi, wachuuzi na vibarua, watu ambao mikono yao ndiyo iliyoupa mji sura yake. Hilali za matajiri zikaachwa, na wengi wakaona urithi umehifadhiwa. Hasara hiyo bado inaniuma, kwa sababu mji uliobakiza sebule na kuvunja jiko umejisimulia nusu ya hadithi yake.

Pamoja na hayo, sikubali kuwa uso ule ni uongo. Barabara ni ya wote, na ukuta unaoitazama barabara unatazamwa na wote, hata na asiyekuwa na senti ya kununua kitasa cha mlango wake. Wood aliwafanya watu 30 wenye fedha, kila mmoja na majivuno yake, wakubali kutoonekana zaidi ya jirani. Hata nyumba ya katikati, inayostahili kujitutumua, imepewa tofauti ndogo tu: nguzo zake zimesimama mbilimbili. Badala ya kumdanganya mpita njia, makubaliano yale yalimlinda. Mbele ilikuwa ya umma, nyuma ikawa ya mwenyewe.

Kasoro yake naiona chini kwenye majani. Kati ya uwanja wa wakazi na bustani ya Royal Victoria kuna mtaro wenye ukuta uliozama ardhini, uliowekwa ili wanyama wa malishoni wasipande juu. Aliye dirishani hauoni. Kwake majani yanaendelea bila kukatika. Aliyekaa bustanini anaona ukuta. Mpaka uleule upo kwa mmoja na haupo kwa mwingine, na hapo wakosoaji wamepata ushahidi mzuri kuliko nguzo zote 114.

Aprili 1942 ndege za Ujerumani ziliupiga Bath, na nyumba nambari 2 na 17 zikateketea ndani kwa mabomu ya moto. Zilijengwa upya nyuma ya uso. Leo ukipita mbele yake huwezi kujua zipi ziliungua. Kama ulaghai upo, basi huo ndio mkubwa kuliko wote, na bado sijaonana na mtu anayetamani pengo lile lingeachwa wazi.

Kesi iliyogawa watu zaidi ilikuwa ya rangi. Miaka ya 1970 mwenye nyumba nambari 22 alipaka mlango wake manjano. Halmashauri ikamwamuru aurudishe uwe mweupe. Mama huyo akakataa, shauri likapanda hadi kwa Waziri wa Mazingira, naye akaamua mlango ubaki manjano. Halmashauri haikuwa na upuuzi: thamani ya hilali ni kwamba hakuna anayejitenga, na ukimruhusu mmoja, wa pili atauliza kwa nini si yeye. Lakini rangi hufutwa kwa siku moja. Karne ya 19 baadhi ya wenye nyumba walikata mawe na kuteremsha vizingiti vya madirisha ya ghorofa ya kwanza ili kufuata mtindo wa wakati ule, na jeraha hilo lingali linaonekana. Kati ya msumeno na brashi, ningempeleka mwenye msumeno mahakamani.

Swali la leo ni jingine. Bath iliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987, na Royal Crescent imo katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa na sheria ya Uingereza. Sheria hiyo hailindi uso peke yake. Inalinda mgongo, ngazi, dari, hata milango ya ndani. Yaani uhuru ambao wanunuzi wa kwanza waliupata, wa kufanya nyuma wapendavyo, wakazi wa sasa hawanao. Nyumba nyingi zimeshagawanywa kuwa fleti, na mkazi wa fleti hizo hawezi kubadilisha dirisha linalovujisha joto bila kibali.

Watetezi wa sheria wanajibu kwamba dari ya plasta ya karne ya 18 ikibomolewa haina wa kuirudisha, na hapo nawaunga mkono bila sharti. Ngazi za mawe, dari, meko, viachwe. Ila mgongo ule haukuwahi kuwa na mchoro mmoja wa kulindwa. Kila kizazi kiliongeza chake, na kuugandisha katika hali tuliyoukuta ni kuupa mpango ambao Wood mwenyewe alikataa kuupa. Kioo cha kuzuia baridi, chumba kidogo cha nyongeza upande wa nyuma: ningeviruhusu kesho asubuhi.

Nambari 1 ni makumbusho. Mwaka 2013 iliunganishwa tena na jengo lake la pembeni walikofanyia kazi watumishi, na sasa mgeni anayeingia kwa mlango wa nguzo anaweza kupita hadi jikoni.