Maji kwenye sikio la mtoto njiti: apimwe mapema au asubiriwe?

Mtoto wa kilo moja na nusu amelala kifuani kwa mama yake, kafungwa khanga, mrija wa maziwa umepita puani. Mpimaji wa masikio anamsogelea. Tundu la sikio lina upana wa milimita chache tu, kuta zake ni laini na zinabonyea, na ndani mara nyingi kumebaki ule utando mweupe aliozaliwa nao. Hata ukichungulia kwa otoskopu, ngoma ya sikio imelala mshazari, huioni sawasawa. Je, sikio la kati la mtoto huyu lipimwe kabla hajaruhusiwa, au asubiriwe akue?

Wanaotaka apimwe wana hoja nzito. Nyuma ya ngoma ya sikio la mtoto mchanga huwa kuna majimaji aliyotoka nayo tumboni mwa mama na tishu laini ambazo mwili haujamaliza kuzinyonya. Majimaji hayo huzuia mwangwi unaotoka kwenye koklea, yaani kiungo cha ndani ya sikio kinachopokea sauti na kuipeleka kwenye neva, na kipimo chepesi cha usikivu kinategemea mwangwi huohuo. Matokeo yake mtoto anafeli ilhali koklea na neva ni nzima. Timpanometria, yaani kupima jinsi ngoma inavyocheza hewa inapokandamizwa, ingeonyesha kizuizi kiko wapi.

Lakini inategemea mashine ipi. Ile ya kawaida ya watu wazima hutumia sauti nzito ya Hz 226, yaani mitetemo 226 kwa sekunde. Kwa mtoto mchanga inaweza kuchora kilima kizuri kabisa, alama ya ngoma inayocheza vizuri, huku maji yamejaa, kwa sababu kuta za tundu nazo zinacheza. Chini ya miezi 6 inatakiwa Hz 1000. Kituo kisicho nayo ni heri kisipime kabisa, kwa maana jibu la uongo linamtuliza mzazi asiyestahili kutulia.

Upande wa pili nao unasikika. Maji mengi hukauka yenyewe baada ya wiki kadhaa. Kumpa kila njiti rufaa ni kumwongezea mama hofu na nauli, na kumwamsha mtoto ambaye usingizi ndio unaomkuza.

Mimi nasema wasipimwe wote; apimwe aliyefeli kipimo cha usikivu. Ninachokiogopa ni lile neno jepesi, "ni maji tu, yatakauka." Njiti huyu pengine alichomwa gentamisini, dawa ya kuua bakteria, alipata manjano kali, alipumulia mashine. Yote hayo yanaweza kuumiza koklea au neva, na maji yanaweza kukaa juu ya sikio lililokwisha kuharibika. Ndiyo maana kamati ya wataalamu wa usikivu wa watoto wachanga ya Marekani inataka aliyelazwa uangalizi maalumu zaidi ya siku 5 apimwe njia ya neva hadi kwenye shina la ubongo, si mwangwi peke yake. Kuna mtoto ambaye koklea yake inatoa mwangwi safi huku neva haifikishi sauti ipasavyo. Kwa kipimo cha mwangwi huyo anapita.

Aliyefeli arudi lini? Hapa kwetu mama anarudi kliniki kwa chanjo ya wiki 6, kisha 10, kisha 14. Sikio lirudiwe siku hizo, mtoto akiwa ameshiba na amesinzia. Na jibu liandikwe kwenye kadi yake, kila sikio peke yake, pamoja na tarehe ya kurudi.